Kipaza Sauti Kiko kwa Profesa

Simu tuliiweka ndani ya sufuria tupu ili sauti itoke vizuri. Tulikuwa jikoni kwa mama mdogo, Kibondo, jioni ya mwezi wa saba, baridi ikipenya chini ya mlango, na ndani ya sufuria profesa wa sheria alikuwa akieleza kwa Kiingereza haki ya mwanamke kumiliki ardhi Tanzania. Mhadhara ulikuwa wa saa moja na dakika ishirini na mbili. Nilikuwa nimeupakua Dar es Salaam kwa intaneti ya chuo nikaubeba kwenye memori kadi kama mtu anayebeba dawa, kwa sababu mama mdogo alifiwa na mume mwaka juzi, na shemeji yake ameanza kupita shambani akihesabu hatua kwenye migomba ambayo mama mdogo ameilima miaka kumi na tisa.

Profesa akamaliza, akashukuru. Makofi. Mwenyekiti akasema sasa tunakaribisha maswali. Kiti kikaburuzwa, mtu akakohoa, na mwanamke mmoja, mbali kabisa na kipaza sauti, akaanza kwa Kiswahili: "Mimi naomba kuuliza kuhusu mjane ambaye..." Rekodi ikaishia hapo.

Mama mdogo akainama akaichungulia sufuria. "Amezima nani?"

Tangu nianze shahada ya uzamili nimesikiliza mihadhara mingi sana ya namna hii: ya fasihi kwa sababu ndiyo fani yangu, ya siasa kwa sababu ya ubishi wa bwenini, ya sheria na ya vyombo vya habari kwa sababu ya udadisi na usingizi unaokataa kuja. Nadhani sasa umefika wakati wa kuihakiki kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia. Ni utanzu, na una kanuni zake. Kamera huwekwa nyuma ya ukumbi na haisogei tena. Robo saa ya kwanza ni wasifu wa mzungumzaji, amesoma wapi na ameshika vyeo gani. Feni zinavuma mwanzo mwisho. Kuna slaidi tusizoziona, na profesa anazinyooshea kidole akisema kama mnavyoona hapa. Kipaza sauti ni kimoja na kiko kwake, hivyo yeyote mwingine anayefungua mdomo anasikika kama jirani wa chumba cha pili. Maswali, ukiwa na bahati, yamo lakini hayasikiki. Ukikosa bahati yamekatwa: betri imekwisha, au aliyerekodi ameona kazi imekwisha.

Sisi tuliowahi kukaa kwenye kumbi hizo tunajua ni nini kinachokatwa. Mhadhara ni wa Kiingereza. Muulizaji wa kwanza anaanza kwa Kiingereza, anajikwaa kwenye sentensi ya pili, anasema "naomba nitumie Kiswahili", ukumbi mzima unacheka kwa kupata nafuu, na kuanzia hapo mambo yanachangamka. Profesa mwenyewe anabadilika. Aliyekuwa anasoma karatasi sasa anaegemea meza na kutoa mfano wa kijijini kwao. Kwenye mihadhara ya siasa, hapo ndipo majina hutajwa. Kwenye ile ya vyombo vya habari, hapo ndipo mwandishi wa redio ya wilayani husimama na kueleza kilichomkuta wiki iliyopita. Niliwahi kukaa kwenye mhadhara mmoja wa fasihi ambao sikumbuki hata mada yake, lakini nakumbuka swali la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetaka kujua kama mhakiki anaruhusiwa kulia. Rekodi ya mhadhara ule ipo. Swali halimo.

Nirudi kwa profesa wa kwenye sufuria, maana simtaki nimwonee. Alikuwa mwalimu mzuri. Kiini cha mhadhara wake kilikuwa kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, ambayo sijapata kusikia mhadhara wa sheria na jinsia nchini usioitaja, na aliieleza vizuri kuliko wengine wote niliowasikia. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya wa Muleba, mkoani Kagera, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, umri umekwenda na hana wa kumtunza, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikaupindua uamuzi huo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema mila hiyo inagongana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na mwanamke akabaki na ushindi wake.

Kagera tunapakana nayo. Kutoka Kibondo unapita Kakonko, unafika Nyakanazi, umeshaingia. Kwa hiyo mama mdogo hakumsikiliza Holaria kama jina la kesi, alimsikiliza kama jirani. Nilipomtafsiria aliuliza mambo matatu. Baada ya kuuza shamba, nani alimtunza? Ukoo ulikubali kumzika? Na la tatu: "Huyo aliachiwa wosia na baba yake. Mimi mume wangu hakuandika kitu. Inakuwaje?"

Mawili ya kwanza hayakuguswa na mhadhara, na sishangai, sheria huishia pale hukumu inapoishia. (Fasihi ingeanzia hapo.) La tatu ndilo lililoniumiza kichwa, kwa sababu mama mdogo, aliyeishia darasa la saba, aliweka kidole palepale penye ufa. Holaria alikuwa binti mwenye wosia. Mjane asiye na wosia anakutana na kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, Tangazo Na. 436, ambazo kwake hazina huruma. Profesa alifika huko, lakini muda ulikuwa umemwishia. Kwa haraka alitaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ambayo kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Kwa haraka zaidi alitaja wajane wawili wa Shinyanga. Mahakama Kuu ilikubali mwaka 2006 kwamba kanuni za urithi ziliwabagua lakini ikakataa kuzifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Kwenye uamuzi wa kamati wajane hao wanaitwa E.S. na S.C. Majina yamefichwa kwa nia njema, bila shaka, lakini kwenye spika ya simu, kwa lafudhi ya Kiingereza cha chuoni, mama mdogo alidhani ni majina ya mashirika.

Halafu yule mwanamke wa ukumbini akaanza, kuhusu mjane ambaye, na mtu akazima. Mhadhara tulioufuata sisi ulikuwa ndio kwanza unaanza.

Siku nne baadaye nilipanda basi kwenda Kasulu kwa baba mkubwa, mwalimu mstaafu, nikiwa na memori kadi ileile. Kwake nilipeleka kitu tofauti: mihadhara sita ambayo Ali Mazrui aliitoa BBC mwaka 1979, ile iitwayo Reith, kuhusu hali ya Afrika. Nilitaka kuona kama rekodi iliyotengenezwa kwa ajili ya redio tangu mwanzo inafanya kazi vizuri zaidi kuliko hii yetu ya kamera nyuma ya ukumbi. Inafanya. Hakuna feni, hakuna slaidi, na Mazrui anazungumza kama fundi cherehani anayekata kitambaa cha bei ghali, hapotezi hata inchi moja. Baba mkubwa, ambaye Kiingereza chake ni cha kufundishia, alikuwa akitabasamu kila sentensi ilipofungwa vizuri.

Lakini ukiisikiliza yote sita mfululizo unaanza kuchoka na ukamilifu huo. Mtoto wa Mombasa yuko peke yake studioni, anawaeleza Waingereza habari za Afrika, na hakuna wa kumkatiza. Mafumbo yake yanapendeza kwa sababu hakuna aliyesimama kusema, mwalimu, hapo umecheza na maneno tu. Mazrui huyohuyo mwaka 1970 alibishana na Walter Rodney pale Makerere, na mpaka leo wazee wa vyuo wanausimulia mdahalo ule kama watu wanavyosimulia mechi. Kwa Rodney tumekosa kinyume chake: mihadhara yake ya Dar es Salaam kuhusu Mapinduzi ya Urusi ilitoka kitabuni mwaka 2018, kutoka kwenye maandishi aliyoyaacha. Tunayo maneno ya mwalimu. Wanafunzi wa Mlimani wa miaka ile, ambao kwa masimulizi yote hawakuwa watu wa kukaa kimya, hawamo.

Baba mkubwa alinisikiliza nikisema haya yote, kisha akauliza: "Akimaliza, kikundi kinakaa wapi?"

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze. Mwaka 1973, akiwa kijana, alikuwa mshauri wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Mimi nilikuwa nimeisoma kampeni hiyo kwenye kozi ya vyombo vya habari kama mfano wa zamani, watu wapatao milioni mbili nchi nzima, wiki kumi na mbili, redio na vitabu vidogo. Sikuwahi kukutana na mtu aliyekuwamo. Kabla yake kulikuwa na Uchaguzi ni Wako ya 1970 na Wakati wa Furaha ya 1971, na baadaye Chakula ni Uhai ya 1975. Alivyonieleza, kipindi chenyewe cha redio kilikuwa kifupi na wala hakikuwa na maajabu. "Redio ilikuwa inanyamaza, halafu sisi tunaanza." Walisoma kitabu kwa sauti, wasiojua kusoma wakasomewa, wakabishana kuhusu maji na vyoo, wakaamua nani atachimba wapi. Mshauri hakutakiwa kuwa mtaalamu. Alitakiwa kuhakikisha kila mtu amesema.

Kwa hiyo kwa baba mkubwa rekodi bila kikundi ni nusu ya kitu. Alimshangaa Mazrui kama mtu anavyoshangaa harusi isiyo na bibi harusi.

Nilivutiwa mno na habari hiyo, na nilikuwa karibu kuandika makala ya kusifia siku zile tu. Bahati nzuri nilimuuliza kama kwenye kikundi waliwahi kuzungumzia Operesheni Kigoma. Watu wa mkoa huu walihamishiwa vijijini kuanzia mwaka 1972, miongoni mwa wa kwanza nchini, na familia nyingi ziliacha migomba na makaburi. Yaani vikundi vilikaa kujadili vyoo kwenye nyumba ambazo baadhi zilikuwa hazijamaliza hata mwaka. Baba mkubwa alinyamaza kidogo.

"Hilo halikuwamo kwenye kitabu," alisema.

Basi hata kampeni ile ilikuwa na mtu mwenye kipaza sauti na mtu mwenye mkasi. Kikundi kiliruhusiwa kuuliza, ila majibu yaliishia kwenye kikundi, na redio haikuwa na sikio.

Kuna rekodi moja inayonipinga, na lazima niitaje. Tarehe 7 Desemba 2021 Abdulrazak Gurnah alitoa mhadhara wake wa Nobeli mbele ya kamera, bila ukumbi wala makofi, kwa sababu ya korona. Hakuna swali hata moja, na bado ndiyo rekodi ninayoirudia kuliko zote. Nafikiri sababu ni kwamba Gurnah, aliyefundisha chuo kikuu miongo mingi, anajua kwamba mbele yake hakuna mtu. Hajifanyi kuzungumza na ukumbi. Anapunguza sauti, anasimulia kijana wa Zanzibar alivyoanza kuandika ugenini, na wewe unayesikiliza kwenye daladala unajiona ndiye pekee unayeambiwa. Profesa wetu wa kwenye sufuria anazungumza na watu mia mbili ambao mimi si mmoja wao. Hilo linasikika, na linauma zaidi kuliko Kiingereza. Mdogo wangu anayesomea ualimu alimsikiliza Gurnah mpaka mwisho kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kisha akaniomba nimtafutie Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022.

Na kuna Mwalimu. Si mhadhara wa chuo, lakini usiku uleule baba mkubwa alitoa simu yake na kuniwekea hotuba ya Machi 1995, Nyerere akizungumza na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro kuhusu nyufa za nchi. Hotuba ile ilizunguka kwa kanda, kisha kwa diski, sasa iko kwenye simu za wazee. Mada zake ni nzito kuliko mihadhara mingi ya siasa niliyonayo: Muungano, Katiba, rushwa, ukabila, udini. Ila sikiliza ukumbi. Waandishi wanacheka, na kicheko chao kimerekodiwa, na Mwalimu anakisubiri, anakitumia, anageuza sauti kwa sababu yao. Baba mkubwa alikuwa anacheka palepale walipocheka wao. Miaka inapita na bado anaingia kwenye ukumbi ule kupitia kicheko cha watu asiowajua.

Nikarudi Kibondo na mpango. Sisi tuliokulia huku hatukujifunzia kutazama filamu kwenye sinema. Tulijifunzia kwenye vibanda umiza, kwenye mabenchi ya mbao, kwa sauti za watu kama Lufufu, aliyekuwa akiingiza Kiswahili chake juu ya filamu za nje, akiwasemea wahusika wote na kuongeza maelezo yake mwenyewe bila aibu. Wasomi wa filamu wamemwandikia. Wa mihadhara hawajamfikiria. Basi nikawa Lufufu wa sheria ya ardhi. Jioni tatu, mama mdogo na majirani zake wanne, maharage motoni, nasimamisha rekodi kila baada ya dakika mbili tatu, naeleza kwa Kiswahili, na mama mmoja mzee anaelezwa upya kwa Kiha na binti yake. Dakika ya thelathini na moja profesa alitania. Kuueleza utani ule kulinichukua muda mrefu kuliko wosia wa Holaria, na haukumchekesha mtu.

Kwa namna fulani mhadhara uliboreka kwa kusimamishwa. Niligundua kwamba profesa amejenga hoja yake kwa hatua ndogondogo zinazofuatana, jambo ambalo sikuliona niliposikiliza peke yangu nikiwa kitandani. Lakini niligundua pia jinsi mkalimani anavyoshika mkasi. Kuna mahali niliruka dakika kumi za nadharia, nikijiambia hazitawasaidia. Jirani mmoja, aliyekuwa akichambua mboga na ambaye nilidhani hasikilizi, aliinua kichwa: "Hapo umeruka nini?" Nikarudisha nyuma. Ilikuwa sehemu inayoeleza kwa nini wakoloni waliandika mila na nani waliwauliza walipoziandika. Walizungumzia hilo saa nzima. Waliwataja wazee wa kwao kwa majina, na nani asingeulizwa kamwe.

Ninachodai hapa si kikubwa. Kipaza sauti cha pili hakifikii gharama ya bango moja la ukumbini. Profesa anaweza kurudia swali kabla ya kulijibu. Suala la lugha ni gumu zaidi, lakini limeshapoteza visingizio: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini ni Kiswahili, wakati mihadhara ya sheria ninayoipakua bado iko kwa Kiingereza. Na pale Mlimani Idara ya Kiswahili imefundisha fasihi kwa Kiswahili tangu 1970, nadharia na majina yake yote ya Kifaransa yakiwamo, bila dari kuanguka. Ajabu ni kwamba mihadhara hiyo ya fasihi, ambayo mama mdogo angeweza kuifuata bila mimi, ni michache sana kwenye mkusanyo wangu. Inaonekana tunarekodi zaidi pale tunapozungumza na wageni.

Jioni ya mwisho mama mdogo aliuliza kama huyo profesa bado yuko hai. Nikamwambia yuko, anafundisha, naweza kupata anwani yake. Akajifuta mikono, akaitoa simu kwenye sufuria mwenyewe.

"Basi nirekodi mimi. Umpelekee."

Rekodi ni ya dakika nne na sekunde kumi na moja. Kuna mbuzi nyuma, na katikati mtu anabisha hodi, anakaribishwa, anakaa. Hakuna wasifu wa mzungumzaji. Inaanza hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi niko Kibondo, mhadhara wako tumeusikia mpaka pale palipozimwa. Nina maswali mawili. La kwanza, yule mama wa Muleba, hizo laki tatu za shamba, alipewa yeye mkononi au alipokelewa na mwanamume? La pili ni langu."